Mwaka mmoja katika idara ya vimelea na bakteria, Mombasa

Tangu nimalize mwaka wangu katika idara ya maikrobiolojia na parasitolojia ya tiba, chuo kimoja hapa Mombasa, wadogo zangu wa mtaani wananiuliza: tujiunge? Jiungeni, lakini bebeni subira, na kitambaa chenu cha kufutia lenzi.

Hadubini moja tuliigombea watu wanne, na lenzi ya mara 100 ilikuwa imegandwa na mafuta ya waliotutangulia. Mihadhara ya bakteria ilikuwa ni kusomewa tu. Rangi ya Gram, ile ya kutofautisha aina za bakteria, nilikuja kuielewa siku nilipojipaka vidole zambarau.

Aliyeifanya karo yangu isiende bure ni mzee wa maabara. Mkojo wa kutafutia kichocho aliutaka wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Tukachuja mililita 10, nikainama kutazama. "Tafuta mwiba," akaniambia. Nikasogeza slaidi, nikasogeza, mpaka likaja: yai refu kidogo, limechongoka, na kijiba mkiani. Utotoni kwetu Kwale tulikuwa tukiogelea madimbwini, na mvulana akikojoa damu tunamcheka. Siku hiyo sikucheka.

Matende nayo alikataa katakata kutufundisha mchana. Wale minyoo wachanga wa Wuchereria bancrofti, mnyoo anayeleta matende, hujificha kwenye mapafu kutwa, na hujaa kwenye damu ya kidoleni usiku, saa ambazo mbu wanauma. Basi tukavuka Likoni baada ya isha, tukatoboa vidole vya watu mpaka saa nane usiku, nikarudi na feri nasinzia. Mama alinuna wiki nzima.

Sasa lalamiko langu. Siku ya mtihani nilipewa slaidi ya choo, ya Kato-Katz, yaani kinyesi kilichofunikwa kwa karatasi laini iliyolowekwa gliserini ili kuhesabu mayai ya minyoo. Stima ikakatika nikiwa sijahesabu hata yai moja, ikarudi baada ya saa nzima na zaidi. Gliserini ilishakula mayai ya safura. Yale huyeyuka upesi, ndiyo maana tuliambiwa tuyasome ndani ya nusu saa. Nikaandika nilichokiona: mayai ya safura hakuna. Jibu la watahini lilisema yapo. Nimeandika barua mbili, na alama zangu bado nazidai.