Baromita ya ukutani ya FitzRoy: inafaa Dodoma?

Baromita hii, kifaa cha kupima kanieneo (mgandamizo) ya hewa, inamuenzi Robert FitzRoy, nahodha wa HMS Beagle iliyombeba Charles Darwin mwaka 1831 hadi 1836, kisha gavana wa New Zealand kuanzia 1843. London ilimwondoa 1845, baada ya yeye kutoa noti za fedha bila idhini. Kazi iliyomdumishia jina ilianza 1854: ofisi ya hali ya hewa, na baromita zilizopelekwa bandari za wavuvi.

Kwa baharini, kifaa safi. Kwa Dodoma, angalia kwanza skrubu ya nyuma. Mji uko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, hivyo kanieneo halisi ni kama hektopaskali 890, ilhali uso wa baromita nyingi unaanzia 950 hivi. Pata kipimo cha uwanja wa ndege kilichorekebishwa kwa usawa wa bahari, kisha zungusha skrubu polepole kwa bisibisi ndogo hadi mshale uonyeshe kipimo hicho, ukigonga kioo kwa kidole ili mshale usikwame. Skrubu ikifika mwisho kabla mshale haujafika, usilazimishe, rudisha dukani.

Maneno "Mvua" na "Kukavu" usoni yapuuze. Huku mshale hupanda saa nne asubuhi na kushuka saa kumi jioni kila siku, mvua iwepo isiwepo. Mkulima wa zabibu atafaidika zaidi na kipimamvua.

Mbao na shaba, nzuri mno. Itundike mbali na dirisha la jua.