Ziara ya Nureyev, Paris: kikombe cha kahawa juu ya kaburi

Nilikusudia kutoa nyota tatu, maana gari lilikuwa safi na dereva mstaarabu. Kadiri ninavyoandika, tatu zinanishinda.

Kampuni siitaji. Wanauza ziara ya kufuata nyayo za Rudolf Nureyev, mcheza baleti maarufu aliyetoka Urusi, Paris na viungani mwake. Njia nzima mwongozaji alikuwa na hadithi mbili tu: alivyowaponyoka walinzi wa Kisovieti uwanja wa ndege wa Le Bourget mwaka 1961, na hasira zake. Haya, watu wanapenda umbea. Lakini huyu ndiye aliyeongoza baleti ya Opera ya Paris kuanzia 1983 hadi 1989! Ndiye aliyempandisha mchezaji Sylvie Guillem daraja la juu kabisa akiwa na miaka 19 tu. Baleti ya La Bayadère aliipandisha jukwaani Oktoba 1992 akiwa hoi kwa UKIMWI; Januari iliyofuata akafariki. Nikauliza kuhusu densi alizotunga, jinsi alivyowapa wanaume nafasi ya kucheza wenyewe badala ya kuwainua wanawake tu. Nikajibiwa kwamba hayo ni ya wataalamu, nisiwachoshe wenzangu.

Hilo ningelimeza. Balaa lilikuwa makaburini Sainte-Geneviève-des-Bois, nje ya Paris, alikozikwa. Kaburi lake limefunikwa zulia la vigae vidogo vidogo, vyekundu na vya dhahabu, lenye mikunjo na matamvua, kazi ya Ezio Frigerio, yuleyule aliyebuni mandhari ya La Bayadère. Mpaka usogee karibu ndipo unajua si kitambaa. Nureyev alikuwa mpenzi mkubwa wa mazulia, mtoto wa familia ya Kitatari yenye asili ya Kiislamu, aliyekulia mji wa Ufa, Urusi, kwenye dhiki na njaa. Na huyu mwongozaji akatua kikombe chake cha kahawa juu ya zulia hilo ili apekue mkoba. Juu ya kaburi la mtu! Nikamwomba akiondoe. Akacheka, eti marehemu alipenda karamu. Nikakiondoa mwenyewe, akanikaripia mbele ya watu wote kwamba namchelewesha.

Wapo watakaosema nimelikuza. Mimi nimelelewa Tanga. Makaburini hata sauti tunashusha.

Nyota moja, na hiyo ni ya dereva. Ila kwenda, nendeni, tena msikose! Nendeni bila wao: treni ya RER C hadi kituo cha Sainte-Geneviève-des-Bois, halafu basi. Mtakaa pale kaburini mpaka mtosheke, na hakuna wa kuwafukuza.