Betri ya lithiamu yenye kinga ya baridi: niliijaribu ndani ya friza ya barafu, Tanga

Betri ninayoitathmini hapa ni ya lithiamu chuma fosfeti, yenye volti 12.8 na ampea-saa 100, ambayo niliinunua katika duka moja la vifaa vya sola lililopo Ngamiani, jijini Tanga, kwa ajili ya Hiace niliyoigeuza kuwa gari la kulala safarini. Kilichonifanya niichague miongoni mwa zilizopangwa rafuni ni mstari mmoja wa maandishi madogo ubavuni mwake, unaosema kwamba betri hujifungia isipokee chaji pindi joto la ndani linaposhuka hadi nyuzi 0. Nilipomuuliza muuzaji kama kinga hiyo inafanya kazi kweli, alicheka. “Kaka, Tanga na baridi wapi na wapi?” Sikumlaumu, maana tulikuwa tumesimama mbele ya feni na bado mashati yametuganda mgongoni.

Gari, hata hivyo, haliishi Tanga. Ukipanda Lushoto mwezi Julai utatafuta blanketi la pili, ingawa huko bado hujafika penye madhara; lakini kila mwaka, majira ya kipupwe, mimi huwapeleka wageni hadi uwanda wa Kitulo, kule Makete, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,600, ambako kuna alfajiri majani huamka meupe kwa sakitu na kioo cha mbele hakifai mpaka kikwanguliwe. Betri yangu ya kwanza nilikuwa nimeifunga ndani ya kisanduku cha chuma chini ya bodi ya gari, nje kabisa, na kwa misimu miwili niliwasha injini saa kumi na mbili asubuhi nikaiacha altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, iisukumie ampea 40 bila kuwaza. Friji yangu ndogo, ambayo mwanzoni ilikuwa ikienda saa 26 kwa chaji moja, sasa ilikuwa ikienda saa 19. Siwezi kuapa kwamba ni baridi pekee iliyoidhoofisha, kwa sababu mtikisiko wa barabara nao una sehemu yake, lakini fundi aliyezipima seli moja baada ya nyingine hakusita kuitaja.

Jambo ambalo wengi hulichanganya ni kwamba baridi haiidhuru betri ya aina hii inapotoa umeme. Nyingi zimeruhusiwa kutumika hadi nyuzi hasi 20. Madhara huja inapochajiwa. Wakati wa kuchaji, ayoni za lithiamu husafiri na kuingia katikati ya matabaka ya grafiti yaliyo upande wa hasi wa seli. Katika baridi kasi ya kuingia hupungua, na zile zinazofika zikakuta wenzao wamejazana mlangoni hubaki juu na kugeuka utandu wa chuma, mithili ya ukoko ulioshika sufuria. Ukoko wa wali utaulowanisha ubanduke. Huu sehemu yake kubwa haubanduki, na lithiamu iliyonaswa humo hairudi tena kazini. Utandu huo unaweza pia kuota vijiti vyembamba vinavyoelekea upande wa pili, na hatimaye kusababisha shoti ndani ya seli. Yote hayo hutokea bila moshi wala harufu, huku taa ya chaja ikiwaka kama kawaida.

Kwa kuwa sikutaka kufika Kitulo ndipo nijue kama maandishi yale ni ya kweli, niliipeleka betri kwa shangazi yangu Chumbageni, ambaye huuza barafu za ukwaju na ubuyu na ana friza kubwa ya kulala. Alikubali kwa sharti. “Mwanangu, hilo dude likitoa harufu humu, barafu zote utazinunua wewe.” Niliifunga kwa mifuko miwili ya nailoni ili unyevu usiingie, nikabandika waya wa kipimajoto chini ya kasha lake, nikailaza baina ya ndoo mbili. Iliingia baada ya sala ya Magharibi. Saa nne usiku programu ya simu, inayosoma betri kwa blutuzi, ilionyesha nyuzi hasi 5.

Niliitoa, nikaipangusa, nikaunganisha taa ya volti 12 na chaja ya ampea 20, kisha nikaupitisha waya wa chaja katikati ya klampu mita, kifaa cha kupimia mkondo wa umeme. Namba ilisimama kwenye 0.0. Taa iliwaka. Hilo la taa ndilo lililonifurahisha zaidi, kwa sababu maana yake bodi ya ulinzi, yaani saketi inayoilinda betri kutoka ndani, imefunga mlango wa kuingilia umeme tu na kuuacha wa kutokea wazi, kwa hiyo mtu aliyelala mlimani hatapoteza friji wala mwanga wake kwa sababu ya kinga. Nimewahi kukutana na betri ambazo bodi zake hujilinda dhidi ya joto kali peke yake, na baridi hazina habari nayo.

Kasoro niliiona dakika kama 40 baadaye. Programu iliposoma nyuzi 5, chaji ilifunguka yenyewe na mita ikapanda mara moja hadi ampea 20, ilhali kipimajoto changu chini ya kasha kilikuwa bado kwenye 2. Nadhani kihisio kimewekwa juu, karibu na bodi, mahali panapopata joto kabla ya tumbo la seli, na kwa betri yenye uzito wa kilo 11 tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Kwa sababu hiyo nimeiwekea chaja kikomo cha ampea 10, yaani moja ya kumi ya ukubwa wa betri, hadi ivuke nyuzi 10. Aidha, mwenye kuchaji kwa altaneta asiiunganishe moja kwa moja, kwa kuwa bodi ikikata ghafla volti huweza kuruka na kuunguza altaneta yenyewe. Aweke chaja ya kati inayopokea umeme wa gari na kuupima kabla ya kuupitisha.

Duka lilikuwa pia na toleo lenye hita ya ndani, kwa takriban laki mbili zaidi. Hita hiyo huchukua umeme wa chaja kwanza, ikazipasha seli, ndipo chaji iruhusiwe. Ni kifaa kizuri kwa anayeishi kwenye theluji miezi mitatu. Kwa Mtanga anayekutana na sakitu siku tano kwa mwaka sioni haja, hasa ukizingatia kwamba asubuhi ya mawingu paneli ndogo inaweza kuishia kupasha betri tu.

Adui wa kila siku huku kwetu ni joto. Gari lililoegeshwa juani Raskazone mchana kutwa huizeesha betri hata isipotumika, na nyingi hazitakiwi kuchajiwa zikipita nyuzi 45. Ndiyo maana kinga ya baridi niliyoitengeneza mwenyewe, yaani vipande vya godoro kuukuu vinavyoizunguka betri chini ya kitanda, huwa naiondoa nikishateremka Mombo.

Mwezi Julai nilirudi Kitulo. Asubuhi ya pili sakitu ilikuwa imetanda hadi kwenye vioo vya pembeni, kipimajoto cha nje kilisoma hasi 2, na simu ikaniambia betri, iliyolala ndani na wenye nyumba, ina nyuzi 7. Safari nzima kinga niliyoilipia haikufunga hata mara moja. Naipa betri alama nne kati ya tano. Hiyo moja nimeizuia kwa sababu ya kile kihisio.