Laptopu ya Linux ikigoma kuamka: s2idle au deep?
Umefunika laptopu, umerudi baada ya chai: skrini nyeusi, feni inavuma. Soma kwanza faili /sys/power/mem_sleep. Neno lililofungwa kwa mabano ya mraba ndilo usingizi unaotumika.

s2idle ni usingizi wa mang'amung'amu. Prosesa haizimwi, inapumzishwa tu. Huamka upesi, lakini kifaa kimoja kikikataa kulala, betri huisha na begi hupata joto.

deep ni usingizi wa pono: karibu kila kitu huzimwa isipokuwa RAM. Betri hudumu. Tatizo ni kuamka, maana BIOS (programu ya msingi ya mashine) na draiva (programu zinazoendesha vifaa) lazima ziwashe vifaa upya, na kadi ya michoro ni msumbufu mkubwa hapo.

Kwa mashine inayoganda ikiamka kutoka deep, mimi hujaribu s2idle kwa muda:

echo s2idle | sudo tee /sys/power/mem_sleep

Ikitulia, ongeza mem_sleep_default=s2idle kwenye mipangilio ya GRUB, programu inayowasha Linux. Kinyume chake pia hufanya kazi, ingawa laptopu nyingi mpya hazina deep kabisa. Ikiganda tena, washa upya usome kumbukumbu za mara iliyopita ilipowashwa: journalctl -b -1. Anzia mistari ya mwisho.