Kofia au mwavuli ukiwa kwenye ihramu?

Mzee wa Ujiji aliyezoea kofia ya kiua tangu madrasa, mwambie aende kichwa wazi juani, atakuuliza mara mbili. Lakini akishanuia hija au umra, yaani akishaingia kwenye ihramu, kofia hana ruhusa nayo. Wala kilemba, wala ncha ya shuka ya ihramu aliyoivuta utosini. Kinachokatazwa ni kitu kinachogusa kichwa kwa lengo la kukifunika.

Mwavuli ni habari nyingine. Uko juu ya kichwa, haukigusi. Katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 Hijria, masahaba Bilal na Usama walikuwa na Mtume (s.a.w.), mmoja akimwinulia nguo kumkinga na joto mpaka akarusha mawe Jamratul Aqaba, moja ya nguzo za Mina. Wapo wanazuoni waliochukia kivuli cha namna hiyo, ila kwetu Mashafi, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, hakina neno. Hema na paa la basi ni hivyo hivyo.

Kofia ina gharama yake. Aliyeivaa kwa kusahau aivue tu, hadaiwi kitu. Aliyeivaa kusudi, au kwa ugonjwa, ana fidia: afunge siku 3, au alishe maskini 6, kila mmoja nusu pishi ya chakula, au achinje mbuzi. Mgonjwa hana dhambi, lakini fidia iko palepale.

Mimi ningebeba mwavuli mweupe, wa kukunja. Kwenye msongamano wa kutufu, kuizunguka Kaaba, ufunge, usije ukamtoboa mwenzio jicho. Kofia ibaki begini mpaka unyoe nywele za kutoka kwenye ihramu.