Uzoefu wangu: samaki, kamba na konokono wanaoelewana kwenye tangi dogo la matumbawe

Tangi langu ni la lita 80 hivi, maji ya chumvi, mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria na vidudu ndani yake), mchanga chini na matumbawe laini machache juu, na wakazi waliomo sasa hivi nawapenda wote, ila nimekataa wengi kuliko niliowakubali na ndo maana naandika hii. Kama unaanza, rangi iache kwanza. Uliza huyu mnyama analala wapi, anakula nini na akikua anafika sentimita ngapi, maana baharini samaki akichukiwa na mwenzake anahama jiwe yameisha, humu ndani hana pa kwenda, anajibana kwenye kona, anaacha kula, anakonda mpaka anakufa na wewe unadhani ni maji.

Naanza na klauni, yule wa chungwa na mistari myeupe, Amphiprion ocellaris. Niliwachukua waliozaliwa kwenye matangi, sio waliovuliwa, na tofauti inaonekana, wanakula chakula cha chenga bila kubembelezwa na hawaogopi watu. Chukua wawili wadogo, mmoja amzidi mwenzie kidogo kwa umbo, kwa sababu klauni wote wanaanza wakiwa dume afu yule mkubwa ndo anageuka jike, kwa hiyo ukiwapa tofauti ya ukubwa toka mwanzo wanapatana haraka. Utaona mdogo anatetemeka mwili mzima mbele ya mkubwa, usishtuke sio ugonjwa, anasema tu kwamba amekubali kuwa chini. Na anemoni, yule mnyama laini wa baharini mwenye mikono inayochoma, klauni hawamhitaji jamani! Hilo watu wanalisukuma sana. Anemoni anataka taa kali na tangi lililokomaa, na anatembea, akiamua kuhama anapita anachoma matumbawe yako yote njiani na pampu inaweza kumnyonya akasambaratika na kuharibu maji ya kila mtu. Wangu wamejichagulia tumbawe la ngozi, wanalala humo usiku na wana raha zao.

Sasa nije kwa ninaowapenda kuliko wote, gobi wa njano, Cryptocentrus cinctus, na kamba bastola wake. Hawa wanaishi shimo moja. Kamba haoni vizuri kabisa lakini ndo fundi, siku nzima anachimba, anasukuma mchanga nje kwa makucha, anachagua vipande vya matumbawe yaliyovunjika anavipachika kuwa dari. Gobi hachimbi kwa ustadi huo, yeye anakaa mlangoni kama askari na macho yake yaliyotokeza juu, na ukiangalia kwa karibu utaona kila kamba anapotoka anaweka kipapasio chake kimoja kirefu, ule uzi wa kichwani, juu ya mwili wa gobi, hauachi. Gobi akiona kitu anatikisa mkia kidogo tu, kamba anarudi ndani papo hapo, hatari ikizidi gobi naye anajitosa ndani. Nikimpa gobi kipande cha chakula, mara nyingine anaingia nacho shimoni na kamba anapata hukohuko. Mimi hukaa mbele ya kioo nikiangalia hilo tu na sichoki.

Ila wana masharti. Mawe yako yakae juu ya kioo cha chini moja kwa moja kabla hujamwaga mchanga, sio juu ya mchanga, maana huyu kamba anachimba chini ya jiwe na jiwe litamwangukia yeye au litapasua kioo. Mchanga uchanganye na vipande vipande, ukiwa laini mtupu shimo linaporomoka kila mara. Matumbawe usiyaweke chini karibu na mlango wao, yatafukiwa. Na kuna ule mlio, tah!, usiku umelala unadhani kioo kimepasuka, ni kamba amefunga kucha lake kubwa kwa kasi mpaka kiputo kinatokea na kupasuka ndani ya maji. Unazoea.

Samaki wa mwisho kwangu ni grama, Gramma loreto wa Karibiani, mbele zambarau nyuma njano, haongezeki sana, sentimita 8 basi. Anakaa chini ya miamba, mara nyingi kichwa chini tumbo juu, ni mtulivu isipokuwa mtu akigusa pango lake, hapo anafungua mdomo mkubwa kutishia na inaishia hapohapo. Awe mmoja tu. Na kuwa makini dukani kwa sababu kuna samaki mwingine wa rangi hizohizo, Pictichromis paccagnella, ambaye ni mkorofi vibaya sana na kwenye tangi dogo anaua. Watofautishe hivi: grama zambarau yake inaingia kwenye njano kwa madoadoa na ana doa jeusi mbele ya pezi la mgongoni, yule mwingine rangi zimekatana kama zimepigwa rula. Muuzaji mmoja alikuwa anawaita wote jina moja, kwa hiyo nenda na macho yako.

Hapo nimefunga hesabu ya samaki. Wanne, na kila mmoja ana sehemu yake, klauni katikati na juu, grama kwenye mapango, gobi chini, hakuna anayegombea kitanda cha mwenzie.

Niliowakataa: samaki wa bluu maarufu, Paracanthurus hepatus, wanamuuza akiwa mdogo kama kidole na akikua anafika sentimita 30 na anataka kuogelea mbali, kumweka humu ni kumtesa. Mandarini, Synchiropus splendidus, mzuri kupita maelezo lakini anadonoa vidudu vidogo vya kwenye mawe siku nzima, tangi dogo jipya anavimaliza afu anakufa njaa huku chakula kingine kinampita mbele ya pua. Samaki wadogo waitwao damseli, wengi wa bei ya chini, ni wagomvi, wanazidi ugomvi wakikua. Yule pono mdogo wa mistari sita nae, Pseudocheilinus hexataenia, akishajiona mwenye nyumba kila mgeni anapata kipigo.

Kamba msafishaji, Lysmata amboinensis, nampa alama zote. Anasimama mahali pake anapunga nyuzi zake nyeupe, samaki wanakuja wenyewe kusafishwa, na mkono wako ukiingia ndani anakuja kukukwangua kucha. Kasoro yake ni mwizi, anapora chakula kwenye midomo ya matumbawe, kwa hiyo mpe yeye kwanza ndo ulishe matumbawe. Akijivua gamba utakuta kama maiti yake imelala pale, tulia, mwenyewe kajificha mpaka gamba jipya ligumu. Usimchanganye na Stenopus hispidus yule wa mistari mekundu na meupe na makucha marefu, anashambulia kamba wenzie. Na kamba wote wanaumizwa na mabadiliko ya ghafla ya chumvi, mimi nawazoesha kwa matone kupitia mpira mwembamba, taratibu, maji ya tangi nayashikilia kwenye chumvi gramu 35 kwa kilo na joto nyuzi 25.

Konokono chukua Trochus, wakianguka chali wanajigeuza wenyewe, wale Astraea wengi hawawezi na wanafia hapo. Nassarius wachache kwa mabaki, wanajizika mchangani na ukitia chakula wanaibuka kote kwa pamoja. Kaa wale wadogo wanaovaa magamba ya konokono mimi sina, wanaua konokono ili wachukue gamba, kama lazima basi waachie magamba matupu mengi.

Mpangilio wa kuingiza nao una maana yake. Tangi likae kwanza mpaka amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu, zisome sifuri, mara nyingi wiki 4 mpaka 6, wafuate konokono, halafu kamba bastola na gobi ili wapate shimo kabla ya kelele, grama, na klauni mwishoni kwa sababu wakitangulia wanaona tangi lote ni lao. Kati ya mgeni na mgeni acha wiki kadhaa bakteria wanaoondoa sumu hizo waongezeke kufikia mzigo mpya. Samaki mpya akae karantini tangi la pembeni, ugonjwa wa madoa meupe ukitokea dawa ya shaba inatumika hukohuko, shaba ikiingia kwenye tangi kuu kamba na konokono wako wote kwisha. Weka mfuniko wa wavu pia, gobi wanaruka usiku na kanafasi kadogo pembeni ya waya wa hita kanawatosha kabisa kupita.