Uzoefu wangu na seti ya kutengenezea kitabu cha msanii: zana chukua, gundi na karatasi acha

Anayefikiria kuagiza seti hizi za mtandaoni za kutengenezea kitabu cha msanii, yaani kitabu ambacho chenyewe ndicho kazi ya sanaa, kwanza ajue kwamba zimepangwa na watu wa nchi zenye hewa kavu. Kinachofaa huko, hapa Unguja wakati wa masika hakifai. Niliyonayo mimi siitaji kwa jina, maana nyingi zinafanana: boksi moja, maumbo matatu ya kutengeneza, na kijitabu cha maelekezo kisichotaja unyevu hata kwa mstari mmoja.

Ndani mna mfupa wa kukunjia, msharasi (chuma chenye ncha cha kutobolea), sindano butu, kibunda cha uzi wa kitani uliotiwa nta, rula ya chuma, kadibodi nne za ukubwa wa A5 zenye unene wa milimita 2, karatasi 40 za A4 za gramu 120 kwa mita ya mraba, chupa ndogo ya gundi nyeupe, kipande cha kitambaa cha jalada na utepe wenye gundi pande mbili. Maumbo ni mkunjo wa akodiani (karatasi ikunjwe kwenda na kurudi kama mvukuto wa kinanda), mshono wa Kikopti na kitabu cha bendera.

Zana ni nzuri, na kwangu ndizo zinazohalalisha bei. Mfupa ni mfupa kweli, si plastiki. Wa plastiki ukiusugua kwa nguvu unaacha mng'aro juu ya mkunjo, na kwenye karatasi nyeusi hauondoki tena. Msharasi una ncha nyembamba. Ule wa fundi viatu usikudanganye kwa urahisi wa kupatikana: ni mnene, tundu linakuwa kubwa kuliko uzi, na kitabu kinacheza kama jino bovu.

Karatasi ndizo zilizoniudhi. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zinazolala upande mmoja, na ikipata unyevu hutanuka zaidi kwa kukata nyuzi hizo kuliko kwa kuzifuata. Kwenye kitabu, nyuzi lazima zilale sambamba na mgongo. A4 nyingi za dukani, na hizi za seti pia, nyuzi zake zinafuata ule upande mrefu. Ukizikunja kupata A5, mkunjo unakata nyuzi: mgongo unavimba, kurasa zinatengeneza mawimbi, na kitabu kinakataa kulala wazi. Kulijua hilo ni rahisi. Pinda karatasi bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaopindika kwa wepesi ndio unaofuata nyuzi. Dawa yake ni kununua A3 zenye nyuzi za upande mrefu na kukata kila moja katikati ya ule upande mrefu, sentimita 21 kila nusu. Unapata A4 mbili ambazo nyuzi zake sasa zinafuata upande mfupi, na mkunjo wa A5 unaangukia pale pale unapotakiwa.

Kadibodi zina kasoro ya namna hiyo hiyo, ila hapo lawama ni ya maelekezo. Wanakwambia bandika kitambaa nje, kunja pembe, basi. Kitambaa kinapokauka kinajivuta, na kadibodi inapinda kuelekea upande uliobandikwa. Bandika na ndani karatasi yenye nyuzi za uelekeo ule ule, ili pande mbili zivutane sawasawa, kisha ukandamize chini ya uzito. Maelekezo yanasema saa moja. Mimi naacha siku nzima, na masika siku mbili au tatu, huku nikibadilisha magazeti yanayonyonya maji. Jalada likitoka kwenye uzito na ubaridi bado unausikia mkononi, halijakauka, hata likionekana kavu.

Sasa mshono wa Kikopti, ambao peke yake unatosha sababu ya kununua seti hii. Ni mshono wa zamani wa Wakristo wa Misri, na Ethiopia unatumika hadi leo kwa vitabu vyenye majalada ya mbao. Hauna gundi hata tone. Mgongo unabaki wazi, mishono inaonekana kama suka, na kitabu kinafunguka bapa kabisa. Kwa hali yetu ya hewa hakuna umbo linaloushinda: pasipo gundi hakuna kinachobanduka, na hewa inapita kwenye mgongo.

Karatasi nne zikunjwe pamoja kufanya fungu moja la kurasa 16. Mafungu manane yanatoa kurasa 128 na yanatumia karatasi 32, kwa hiyo nane zinabaki za mazoezi. Kwa urefu wa milimita 210, toboa matundu matano kwenye mkunjo: 15, 60, 105, 150 na 195 kutoka juu. Tengeneza kipimo kimoja cha kadibodi nyembamba na utobolee humo mafungu yote. Ukipima kila fungu kwa rula, matundu yatapishana na mgongo utakwenda mshazari. Kwenye jalada, matundu yakae milimita 10 kutoka ukingoni, yakielekeana na ya mafungu. Uzi wa kuanzia mita mbili na nusu unatosha. Mrefu zaidi ya hapo unajifunga wenyewe.

Kila fungu jipya, sindano inatoka kwenye tundu, inapita nyuma ya mshono unaounganisha mafungu mawili yaliyotangulia, halafu inarudi kwenye tundu lile lile. Panapoharibika ni kwenye kuvuta. Uzi uvutwe kuufuata mgongo, kuelekea tundu linalofuata. Ukivuta juu, kuuacha mkunjo, uzi unachana karatasi kama kisu na fungu lote limekwenda. Ukilegeza, kitabu kinayumba kikisimamishwa. Ukikaza mno, mgongo unajibana na upande wa mbele unachanua hata kikiwa kimefungwa. Angalia mafungu mawili ya mwanzo: yakikaa bila kucheza na bado kidole kinaweza kuyatenganisha kidogo, shika mkazo huo huo hadi mwisho.

Kitabu cha bendera ni umbo la Hedi Kyle, mjalidi wa Marekani aliyelibuni mwaka 1979. Mgongo ni akodiani ndogo, na kila mkunjo unabeba vipande vya karatasi vinavyotazamana kushoto na kulia kwa zamu. Ukivuta majalada, vinapepea vyote kwa pamoja. Lina raha yake, na linapiga kelele nzuri. Lakini seti inataka vipande hivyo vishikwe kwa utepe wa pande mbili, na huo kwa joto letu hauna maisha. Gundi yake inalainika, inachuruzika pembeni, bendera zinashikana na jirani. Utupe. Tumia gundi nyeupe kidogo kwenye ukingo wa milimita 10, ama zishone bendera kwa mshono mfupi wa matundu matatu.

Na hiyo gundi nyeupe: inakauka haraka na inashika, ila ikishakauka haibanduki bila kuchana, na kwenye kitambaa chepesi inapenya na kuacha madoa yanayong'aa. Mimi kwa kitambaa nakwenda na uji wa wanga: kipimo kimoja cha wanga, maji vipimo vitano, moto mdogo dakika 20 hadi 30 bila kuacha kukoroga, upoe, uchujwe kwa kitambaa. Siku tatu baadaye umeshachacha. Wajalidi wa zamani walikuwa wakitia mafuta ya karafuu kuzuia ukungu, na sisi ndio wenyewe wa karafuu; Wawi kule Pemba wanakamua hata mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Matone machache kwa kikombe yanatosha, na utumie chombo cha kioo kwa sababu mafuta haya yanalainisha baadhi ya plastiki. Ukizidisha, karatasi nyembamba inageuka manjano. Mende lakini hawatishiki nayo sana. Wanga kwao ni chakula, na mgongo uliopakwa uji ndio wanaouanzia.

Akodiani ndilo umbo lililoshika historia ya vitabu hivi. Mwaka 1913 mchoraji Sonia Delaunay na mshairi Blaise Cendrars walitoa Paris shairi la safari ya treni kwenye karatasi nne zilizounganishwa na kukunjwa, zenye urefu wa karibu mita mbili, rangi zikishuka kushoto na maneno kulia. Msomaji ndiye anayesafiri kwa mikono. Seti inakupa umbo tu, bila wazo la nini kiingie ndani, na hapo ndipo kanga inapokuja yenyewe. Kanga tayari ni kazi iliyochapwa: ina pindo, ina mji, ina jina. Kata ule ukanda wa chini wenye jina, uubandike karatasi kwa nyuma, uukunje neno moja au mawili kwa kila sehemu. Anayesoma hajui fumbo linakwishia wapi mpaka afungue la mwisho.

Kanga mpya ina dondo, na dondo linazuia uji usishike. Ifue kwa maji baridi hadi yatoke safi, hasa nyekundu na nyeusi, maana rangi zake zikikutana na uji zinavuja hadi kwenye karatasi nyeupe. Ipige pasi. Ilaze kifudifudi juu ya kioo kilicholoweshwa, inyooshe mpaka mistari ya pindo iwe sawa, kwani ikikauka imepinda hainyoki tena. Uji unapakwa kwenye karatasi ya shashi, si kwenye kanga, kisha shashi inalazwa juu ya kanga. Shashi iizidi kanga sentimita mbili kila upande, ili kingo zake zibandikwe kwenye ubao na kitambaa kikauke kimevutwa. Kausha kivulini chini ya pangaboi, jua linaifubaza. Mikunjo usiipime mmoja mmoja kutoka mwanzo, maana kosa la nusu milimita linarudiwa kila hatua. Kunja nusu, kisha kila nusu ikunjwe nusu, na tena, mpaka upate sehemu nane.

Nimejaribu pia jalada la ukili, ule msuko wa majani, badala ya kile kitambaa cha seti, ambacho ni cha kijivu na hakina ladha. Ukili wa ukindu haushiki gundi nyeupe vizuri kwa sababu jani lina nta yake, kwa hiyo ushone. Msharasi upite katikati ya miyaa, yale majani yaliyosukwa, usitoboe mwaa wenyewe, vinginevyo unapasuka kufuata urefu. Pale unapopindia mgongo, lowesha kwanza kwa kitambaa kibichi; ukiwa mkavu unavunjika. Ukili wa rangi jaribu kwa pamba yenye maji kabla ya kuukaribisha kwenye karatasi.

Kwa wanaouliza kama wanafunzi wa skuli wanaweza kuitumia: mshono wa Kikopti ndiyo, kuanzia miaka kumi na mbili hivi, ila msharasi ushikwe na mkubwa. Kitabu cha bendera kina vipande vingi na subira yake ni ya watu wazima.

Ukishamaliza kilichomo, usinunue seti nyingine nzima. Agiza uzi wa kitani peke yake. Uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, unaopatikana kila duka la wavuvi, una nguvu kweli, lakini unateleza, fundo halikai, na ukikazwa unakata karatasi. Kama huna budi, upitishe kwenye nta mara kadhaa na ufunge fundo mara mbili, ndani ya fungu, si mgongoni.